Namna ya Kuadhibu Matusi ya Kibaguzi Baina ya Wachezaji: Mwongozo Kamili kwa Makamisaa, Manahodha na Viongozi wa Klabu za Kigoma na Tabora

Tangu msimu wa 2023/24, Kigoma na Tabora zimekuwa na timu za Ligi Kuu kwa wakati mmoja. Mashujaa wanacheza Uwanja wa Lake Tanganyika, na Tabora United, ambayo siku hizi inaitwa TRA United, inacheza Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Vyumba vya kubadilishia nguo vya mikoa hii sasa vina vijana wa makabila, dini na mataifa mengi, na si kila neno linalotamkwa kwenye eneo la hatari wakati wa kona ni neno la mpira. Mwongozo huu unaeleza, hatua kwa hatua, jinsi neno la kibaguzi kutoka kwa mchezaji kwenda kwa mchezaji mwenzake linavyoweza kufikishwa mezani na kuadhibiwa, kwa sababu nimeona mashauri mengi ya aina hii yakifa, na karibu yote yamekufa kwa sababu moja: hakuna aliyeyaandika maneno yenyewe.

Niliwahi kuwa kamisaa, yaani msimamizi anayeandika ripoti, wa mchezo mmoja wa ligi ya mkoa hapa Kigoma. Kona ilikuwa inasubiriwa kupigwa, beki na mshambuliaji wameshikana jezi, na kabla mpira haujapigwa mshambuliaji akaacha kila kitu na kumfuata mwamuzi huku machozi yakimlengalenga. Beki alikuwa amemwinamia sikioni na kumwambia: "Rudi Nyarugusu, mkimbizi wewe." Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi ya hapa Kigoma. Kijana yule alizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika familia ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambao pamoja na vizazi vyao, watu zaidi ya 162,000, walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Hakuwa mkimbizi, na hata angekuwa, neno lile lisingekuwa halali. Alinieleza maneno hayo mimi mwenyewe wakati wa mapumziko, neno kwa neno. Usiku nilipojaza ripoti nikaandika maneno mawili tu: "lugha chafu".

Kamati ilipokaa wiki mbili baadaye iliniuliza ni lugha gani hasa. Mlalamikaji akashikilia "mkimbizi", shahidi wake akakumbuka "Mrundi", beki akasema alimwambia tu "rudi nyuma". Shauri likafutwa, na kwa ripoti kama ile lilistahili kufutwa. Kijana hakurudi uwanjani msimu uliofuata. Yote ninayoyaandika hapa chini nimeyaandika nikiikumbuka karatasi ile.

Hatua ya kwanza: kulitambua kosa

Matusi ya kawaida na kauli ya kibaguzi ni makosa mawili tofauti, ingawa yote yanaweza kuzaa kadi nyekundu. Kumwita mtu mjinga kwa sababu amepoteza pasi ni tusi. Kumwita mkimbizi, kafiri, gaidi au nyani, au kumdhihaki kwa kabila lake, lafudhi yake, rangi ya ngozi yake au nchi aliyozaliwa, ni kumshambulia kwa jinsi alivyo, na hapo kosa limebadilika. Kanuni za Nidhamu za FIFA zinataja rangi ya ngozi, kabila, asili ya kitaifa au ya kijamii, jinsia, ulemavu, lugha, dini, maoni ya kisiasa, utajiri na hali nyingine yoyote. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 13, nayo inakataza ubaguzi kwa misingi inayofanana na hiyo, ikiwamo kabila, pahala mtu alipotokea, rangi na dini. Kwa hiyo asiwepo wa kudai kwamba jambo hili ni la Ulaya, ambako kuna Weupe na Weusi, na kwamba sisi halituhusu.

Kosa linaweza kutendeka bila kinywa kufunguliwa. Januari 1998, katika pambano la Celtic na Rangers mjini Glasgow, Paul Gascoigne wa Rangers aliiga mbele ya mashabiki wa Celtic mtu anayepiga filimbi. Asiyeijua Glasgow angeona mzaha tu, lakini filimbi ile ni alama ya bendi za maandamano ya Waprotestanti, na mashabiki wa Celtic wengi wao ni wa asili ya Kikatoliki. Klabu yake mwenyewe ilimtoza faini ya pauni 20,000. Kwa hiyo ishara nayo iandikwe jinsi ilivyofanyika: mkono upi, ulielekezwa kwa nani, na watu wa mahali pale wanaielewaje.

Nitoe tahadhari hapa, kwa sababu nimesikia watu wakichanganya. Mchezaji anayesujudu baada ya kufunga, au anayejipiga alama ya msalaba anapoingia uwanjani, anaabudu, na hamkosei mtu. Kosa ni kuidhihaki ibada ya mwenzako, yaani kuiga sijda yake kwa kejeli au kumtemea mate anapofanya msalaba.

Hatua ya pili: wajibu wa kila mmoja mchezo ukiwa unaendelea

Aliyetukanwa amfuate mwamuzi papo hapo, asingoje kipyenga cha mwisho. Mwaka 2024 FIFA iliweka ishara maalumu ya kufikisha malalamiko ya ubaguzi wa rangi: mchezaji anaipishanisha mikono yake kwenye vifundo mbele ya mwamuzi. Si lazima waamuzi wote wa ngazi zetu wawe wameizoea, kwa hiyo nahodha aitamke pia kwa maneno: "Mwamuzi, tunalalamika kauli ya kibaguzi, tunaomba iandikwe." Neno "iandikwe" lisiachwe.

Mwamuzi akisikia kwa masikio yake mwenyewe, Sheria ya 12 ya mpira wa miguu haimpi nafasi ya kusita: lugha au kitendo cha kukashifu na kudhalilisha ni kadi nyekundu. Asiposikia hawezi kutoa kadi kwa neno la mlalamikaji pekee, na wachezaji wasimlaumu kwa hilo. Anachoweza kufanya, na ninaona ni wajibu wake, ni kuusimamisha mchezo kwa dakika moja, kuwaita manahodha wote wawili, kumuuliza mtuhumiwa mbele ya nahodha wake amesema nini, na kumwambia mwamuzi wa akiba aandike swali na jibu. Jibu la papo hapo, kabla viongozi wa klabu hawajamfundisha mtu la kusema, lina thamani kubwa kuliko utetezi wa kurasa kumi utakaokuja baadaye.

Aliyetukanwa asirudishe ngumi. Machi 2021, Rangers wakicheza na Slavia Prague, Ondřej Kúdela wa Slavia aliufunika mdomo kwa mkono na kumnong'oneza Glen Kamara wa Rangers tusi la kibaguzi sikioni. UEFA ilimfungia Kúdela michezo 10, lakini Kamara naye alifungiwa michezo 3 kwa kumshambulia Kúdela baada ya mchezo. Moyo wangu uko kwa Kamara, na ninaamini hasira yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo kamati inahesabu makosa mawili, na kosa la pili humpa wakili wa upande wa pili kitu cha kuzungumzia.

Timu kutoka uwanjani kwa pamoja ni uamuzi mzito. Aprili 2021 wachezaji wa Valencia waliondoka uwanjani Cádiz baada ya mwenzao Mouctar Diakhaby kulalamika kwamba ametukanwa kibaguzi na Juan Cala wa Cádiz; baadaye walirudi bila Diakhaby, wakafungwa mabao 2-1, na uchunguzi wa ligi haukupata ushahidi wa kumtia Cala hatiani. Kabla ya kuondoka, nahodha afahamu kanuni za ligi yake zinasemaje kuhusu timu inayogomea mchezo, kwa sababu pointi zinaweza kupotea na mtukanaji akabaki na zake.

Hatua ya tatu: chumba cha waamuzi, ndani ya nusu saa

Hapa ndipo shauri linapozaliwa au linapofia, na hapa naomba msomaji akae nami kidogo.

Oktoba 15, 2011, Liverpool na Manchester United zilitoka sare ya 1-1 uwanjani Anfield. Baada ya mchezo Patrice Evra wa United alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha waamuzi akiwa na kocha wake, Alex Ferguson, akaeleza kwamba Luis Suárez wa Liverpool amemtukana kwa rangi yake. Mwamuzi wa akiba, Phil Dowd, alikuwa anaandika. Muda mfupi baadaye kiongozi wa Liverpool alifika naye, akaeleza Suárez amesema nini, na maelezo hayo pia yakaandikwa. Miezi miwili baadaye jopo huru la chama cha soka cha Uingereza lilitoa uamuzi wa kurasa 115. Maelezo yaliyotolewa siku ile kwa niaba ya Suárez hayakulingana na yale aliyokuja kuyatoa mwenyewe, na jopo liliipima tofauti hiyo. Liliwaita pia wataalamu wawili wa lugha, kwa kuwa ugomvi wote ulikuwa umefanyika kwa Kihispania, likajiridhisha kwamba neno lililolalamikiwa, "negro", lilitamkwa mara saba, na likamfungia Suárez michezo 8 pamoja na faini ya pauni 40,000.

Kumbuka kwamba hapakuwa na kipaza sauti kilichonasa neno hata moja. Kilichokuwepo ni kalamu ya Dowd.

Kwa mazingira yetu ripoti iwe na sura kama hii: "Dakika ya 63, kabla ya kona kupigwa. Mchezaji namba 4 wa timu mwenyeji alimwambia namba 9 wa timu mgeni: 'Rudi Nyarugusu, mkimbizi wewe.' Namba 9 alimjulisha mwamuzi hapo hapo. Namba 6 wa timu mgeni, aliyekuwa umbali wa hatua mbili, anasema alisikia neno 'Nyarugusu' tu. Mwamuzi hakusikia. Namba 4 alipoulizwa mbele ya nahodha wake alijibu: 'Sijasema kitu.' Yameandikwa saa 12:20 jioni na kusomwa kwa sauti mbele ya wote waliotajwa." Kisha sahihi. Namba 6 aliyesikia neno moja aandikwe amesikia neno moja. Shahidi anayesaidiwa kukumbuka sentensi nzima atavunjika kwa swali la kwanza la kamati.

Lugha ndiyo inayotuponza zaidi huku magharibi. Uwanja mmoja wa Kigoma unaweza kuwa na Kiha, Kirundi, Kiswahili chetu na Kiswahili cha Kongo kwa wakati mmoja, na Tabora ikaongeza Kinyamwezi. Kiha na Kirundi zinakaribiana kiasi kwamba msikilizaji anaweza kuapa kwamba alisikia lugha moja wakati ilitumika nyingine. Andika neno katika lugha lililotamkwa, kwa tahajia ya jinsi lilivyosikika, hata kama huielewi lugha hiyo. Tafsiri iandikwe kwenye mstari wa chini, na jina la aliyetafsiri liwekwe. Asiwe mtu wa klabu yoyote kati ya hizo mbili. Wala usilitie neno chafu nyota au nukta kwa ajili ya heshima. Ripoti ni ushahidi, na heshima kwa aliyetukanwa ni kuliandika tusi lake kama lilivyo.

Hatua ya nne: kukusanya ushahidi kabla haujapotea

Siku ya pili katibu wa klabu aandike barua rasmi ya malalamiko, akiambatisha nakala ya ripoti, kwenda Bodi ya Ligi kwa michezo ya Ligi Kuu, au kwenye chama cha mpira wa miguu cha mkoa kwa ligi za chini. Katika barua hiyo aombe picha za mrushaji wa matangazo zihifadhiwe, na azitaje kwa dakika. Ombi la "video ya mchezo" halitoshi. Aombe picha za kamera zote kuanzia dakika ya 60 hadi ya 66, zikiwemo zisizokwenda hewani, pamoja na sauti ya vipaza sauti vya uwanjani. Waokota mipira na wapiga picha walio nyuma ya goli wako karibu na kona kuliko mwamuzi, lakini hakuna anayewakumbuka. Waulizwe mmoja mmoja, kila mtu peke yake, na yule aliyesikia aandike kwa mkono wake.

Mchezaji aliyefunika mdomo kwa mkono au kwa jezi hajathibitisha kosa kwa kufanya hivyo, ila kamati ina haki ya kumuuliza alikuwa anaficha nini na kulipima jibu lake.

Hatua ya tano: mbele ya kamati

Kwa Ligi Kuu, Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi ndiyo inayopitia ripoti za michezo kwanza, na mashauri mazito hupelekwa Kamati ya Nidhamu ya TFF. Mtuhumiwa apewe barua inayotaja maneno anayodaiwa kuyatamka, apewe muda wa kujitetea na aruhusiwe kuja na mtetezi. Ninalisisitiza hili kwa sababu uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza mtu huanguka kwenye rufani, na aliyetukanwa anaumia mara ya pili.

Utetezi atakaoutoa, nawahakikishia, utakuwa utani. Atasema: "Sisi ni watani, tulikuwa tunataniana." Utani ni mali yetu na siupuuzi. Wanyamwezi na Wazaramo wameambiana makali kwa vizazi, hata kwenye msiba, na hakuna aliyekwenda mahakamani. Lakini utani una kanuni zake. Una pande mbili zinazotambuana kama watani. Una ruhusa ya kujibu kwa kiwango kile kile. Na aghalabu hufanywa hadharani, watu wacheke. Kamati iulize: je, makabila haya ni watani kweli, au utani umezaliwa leo kwenye barua ya utetezi? Wawili hawa waliwahi kutaniana kabla ya siku hiyo, na yupo aliyeshuhudia? Neno lilisemwa kwa sauti, au lilinong'onwa sikioni huku jezi imekunjwa ngumini? Mwenzake alijibu kwa kucheka, au alikwenda kwa mwamuzi akilia? Hakuna utani kati ya raia na neno "mkimbizi".

Wenzetu wa Uingereza walikutana na utetezi wa jamii hiyo. Suárez alidai kwamba kwao Uruguay neno lile ni la kawaida. Jopo likaangalia namna alivyolitumia, katikati ya ugomvi, likaukataa utetezi. Edinson Cavani wa Manchester United, naye Mruguay, aliandika neno la jamii hiyo mtandaoni akimshukuru rafiki yake mwaka 2020, akafungiwa michezo 3 na kutozwa pauni 100,000. Binafsi naona Cavani alistahili maonyo kuliko kifungo, kwa kuwa rafiki yule hakudhalilishwa. Mashauri hayo mawili yakisomwa pamoja yanaifundisha kamati ipime neno pamoja na mazingira yake, isipime neno tupu.

Halafu kuna kiwango cha uthibitisho. Julai 2012 mahakama ya London ilimwachia John Terry wa Chelsea katika shitaka la kumtukana mchezaji wa timu pinzani, Anton Ferdinand, kwa rangi, kwa kuwa kosa la jinai linahitaji kuthibitishwa bila kuacha shaka. Miezi miwili baadaye, kwa tukio lile lile, chama cha soka kilimfungia michezo 4 na kumtoza pauni 220,000, kwa sababu chenyewe kiliuliza swali jepesi zaidi: lipi lina uwezekano mkubwa kuwa kweli? Kamati zetu huogopa sana usemi wa "neno lake dhidi ya neno langu". Kamati ya nidhamu si mahakama ya jinai. Inaruhusiwa kumwamini mtu mmoja aliyeeleza jambo lile lile, kwa maneno yale yale, mara nne mfululizo, dhidi ya mwingine aliyebadilisha maelezo mara mbili.

Hatua ya sita: kupanga adhabu

FIFA na UEFA zote zimeweka michezo 10 kuwa kiwango cha chini cha kawaida kwa mchezaji mbaguzi, na mwaka 2024 FIFA ilielekeza vyama vyote wanachama 211 viufanye ubaguzi wa rangi kuwa kosa mahususi katika kanuni zao za nidhamu. Kamati ifungue kwanza kanuni za msimu husika na kutaja kifungu inachotumia, kisha ieleze kwa maandishi kwa nini imeongeza au imepunguza. Kukiri mapema na kuomba radhi ana kwa ana ni sababu ya kupunguza. Kurudia kosa, kumtisha shahidi, au kuwa nahodha wa timu ni sababu ya kuongeza. Faini peke yake haitoshi, kwani klabu huilipa na mchezaji anacheza Jumamosi.

Uamuzi useme wazi kwamba adhabu inamfuata mchezaji akihama klabu, na utaje ni michezo ya mashindano gani. Upungufu mdogo wa kutotaja hayo umewahi kumfanya mtu atumikie kifungo chake kwenye michezo ya kirafiki.

Hatua ya saba: rufani na polisi

Muda wa kukata rufani ni mfupi na ada yake haina msamaha, kwa hiyo katibu ahesabu siku tangu anapopokea uamuzi kwa maandishi. Njia ya jinai nayo iko wazi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inagusa lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani katika kifungu cha 89, na maneno yanayokusudiwa kuumiza hisia za kidini katika kifungu cha 129. Ni haki ya aliyetukanwa kuichagua. Asilazimishwe na klabu kwenda polisi, wala asizuiwe.

Mchezo wa marudiano

Mara nyingi wawili hawa watakutana tena baada ya miezi michache, mmoja akiwa ameshuka kwenye treni ya kutoka Kigoma na mwingine akimsubiri Tabora. Kamisaa wa mchezo huo aombe faili la shauri mapema, na katika kikao cha maandalizi kabla ya mchezo ayasome maneno yaliyoadhibiwa mbele ya viongozi wa timu zote mbili na waamuzi wote, hasa kama yalikuwa ya Kirundi au Kiha na mwamuzi ametoka Tanga. Mwamuzi msaidizi wa upande atakaocheza mshambuliaji yule aambiwe asikilize neno gani. Na mwamuzi wa akiba aingie na kalamu mbili.